Mwenyeji Huonja Kwanza

Ukimpa Mwalimu kitu mkononi, iwe kikombe, kiberiti au kandambili za mtoto, asante ilikuja mwisho. Kwanza alikigeuza. Alitafuta chini, ubavuni, ndani ya kifuniko, mpaka aone kimetengenezwa wapi. Akikuta ni cha nchi za watu alikurudishia polepole, kama anavyorudishiwa mama mtoto aliyejikojolea. Akikuta ni cha hapa kwetu, lo! Siku hiyo umemfurahisha. Alimwita mkewe kutoka jikoni, "Mama, njoo uone! Wanaweza! Si nilisema wanaweza?" Na mkewe alikuja na mwiko wake mkononi, akakitazama kiberiti, akasema kweli wanaweza, akarudi kwenye mlenda wake.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni wanaopenda habari hizo. Mimi nauza nafaka soko la Majengo, Dodoma mjini, mtama, uwele na karanga, na riziki yangu inategemea kumjua mtu kwa anavyoshika kitu. Mnunuzi anayezamisha mkono ndani ya gunia mpaka chini, huyo anajua, usimchezee. Anayechota juu juu, huyo utamuuzia makapi na atakuombea baraka. Mwalimu alizamisha mkono mpaka chini katika kila jambo la dunia hii, isipokuwa moja. Hilo moja ndilo linalonikaa kooni mpaka leo.

Lakini kwanza mjue korongo, maana bila korongo hamtanielewa. Kijiji chetu kiko upande wa Mpwapwa, jina nabaki nalo. Katikati unapita mto ambao si mto. Masika maji yanashuka siku chache kwa kishindo, yanabeba mpaka mbuzi, halafu basi, muda wote uliobaki ni mchanga mweupe tu. Maji yako chini. Kila kaya ina kisima chake mle mchangani, imekizungushia miiba ng'ombe wasiingie, na kiangazi kikikaza mnachimba tena na tena mpaka aliye ndani anaonekana utosi. Bomba hatuna. Bomba tunaahidiwa tangu sijavunja ungo. Kwa hiyo nikisema maji ni hayo, ya kunywa, ya kupikia, ya kumwogesha mtoto aliyezaliwa leo asubuhi.

Juu kidogo ya kisima cha kwanza sasa kuna kiwanda cha ngozi. Na aliyekileta ni Mwalimu. Nasema aliyekileta kwa sababu bila mdomo wake wazee wasingetoa yale malisho, hata angekuja waziri na wanamuziki wake.

Alitufundisha sayansi shule ya msingi, lakini muulize yeyote aliyepita mikononi mwake, atakwambia tulifundishwa viwanda. Somo la mmeng'enyo wa chakula lilianzia kwenye utumbo wa ng'ombe, likapitia kwenye ngozi ya ng'ombe, na kabla kengele haijalia tulikuwa tumeshafika bandarini. "Ng'ombe wa Mgogo," alisema huku akipiga meza kwa kiganja, "kala majani ya hapa, kanywa maji ya hapa, kachungwa na mtoto wa hapa mwenye magaga miguuni. Ngozi yake inaondoka mbichi. Inarudi kiatu. Na yule mtoto bado anatembea peku! Nani mjinga hapo?" Sisi sote kwa sauti moja, "Sisi, Mwalimu!" Aliipenda sana ile sisi. Wengine tuliisema kwa nguvu ili tutoke mapema.

Fimbo hakushika. Adhabu yake ilikuwa tofali. Ukichelewa, ukipiga kelele, ukimwita mwenzako jina baya, unakwenda kufyatua tofali la udongo, unalianika, unaliandika jina lako. Mwisho wa muhula matofali ya watundu yanajenga. Choo cha walimu kilijengwa hivyo, na nusu ya stoo. Ukuta mmoja wa stoo ile ningeweza kudai hati miliki, maana karibu wote ni mimi. "Umeona?" aliniambia siku ulipokamilika, akiniwekea mkono kichwani. "Hata ubaya wako umezalisha." Nilijisikia kama nimepewa nishani. Ndivyo alivyokuwa, alikuchukua na makosa yako yote akakufanya ujione unajenga nchi.

Na viatu vyake! Aliapa kwamba mguu wake hautaingia kwenye kiatu cha ngozi mpaka kipatikane kilichoshonwa kijijini. Basi koti, tai, nywele kachana upande, chini katambuga za tairi. Alikwenda hivyo kanisani, alikwenda hivyo kwa mkuu wa wilaya, alikwenda hivyo kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, na mama mkwe wa kule upande wa pili akauliza kama baba wa bibi harusi ana uchungu wa kuozesha. Tulimtania mpaka tukachoka. Yeye alinyoosha mguu mbele yetu. "Chekeni. Kiatu changu kinakuja."

Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma, alipanda basi kutoka kijijini kuja kuitazama. Kuipanda? Aka! Kuitazama tu. Alifikia kwangu Nkuhungu, akanywa chai, akakigeuza kikombe, akanirudishia, tukaondoka. Njiani alikataa bodaboda, akakataa na bajaji, maana mtu huyu aliyetaka nchi nzima iende mbio alikwepa chombo chochote chenye tairi chini ya nne kama mtu anayekwepa nyuki. Tukatembea kwenye vumbi mpaka miguu ikawa ya majivu. Treni ilipoingia akavua kofia, akaishika kifuani. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Nikataka kumchekesha, nikamwambia, "Mwalimu, hii hutaweza kuigeuza uone chini." Hakucheka. Akasema, "Kitu kikubwa kinataka watu wa kukilalia chini, binti yangu. Kama mataruma chini ya reli. Mtu akilala mahali pake vizuri, treni inapita." Sikuipenda ile kauli.

Kiwanda kilijengwa haraka kuliko stoo yetu ya matofali. Wenye kiwanda walikuja na magari, wakazungusha ukuta, wakachimba mabwawa ya maji machafu nyuma, upande wa korongo. Vijana walipata kazi. Hilo siwezi kulificha, na mnijue kwamba mimi si mtu wa kuona ubaya tu. Vijana waliokuwa wakichoma mkaa na kulala na kiu walianza kuezeka nyumba zao kwa bati, wakaoa, wakanunua pikipiki. Mwalimu alisimama langoni asubuhi kuwasalimu wanafunzi wake wa zamani wakiingia kazini na mabuti ya mpira. Alijua nani alifyatua tofali ngapi.

Viatu lakini havikushonwa. Ngozi ziliingia mbichi, zikatoka zimelainishwa, zina rangi ya samawati kama mtu aliyekufa maji, zikapakiwa kwenye malori, zikaondoka. Nikamuuliza Mwalimu, kiatu kiko wapi? Akasema hiyo ni awamu ya pili. Akasogeza katambuga zake chini ya kiti.

Kisha maji yakaanza kunuka. Kwanza kidogo, kama yai lililosahaulika, halafu sana. Mchanga wa korongo ukaota utando mweupe, wa chumvi, unaomeguka ukiukanyaga. Wanawake wakalalamika viganja vinawasha. Punda, jamani, punda ambaye hata maji ya kufulia anakunywa, alifika kisimani, akanusa, akageuka. Watu wakaanza kusema, na wakisema watu wa kwetu si kwa kunong'ona. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kununua uwele. Meneja wa kiwanda alikuja na shati lililopigwa pasi, akazungumza maneno mengi ya viwango na vibali, na kina mama wakamwambia waziwazi kwamba wanataka kiwanda kisimame mpaka maji yapimwe na watu wa kutoka mjini. Tulikuwa tumeshafika hapo. Mkono mmoja zaidi ungenyooshwa, tungepima.

Mwalimu akasimama.

Sasa kwetu Ugogoni mgeni hapewi kitu ambacho mwenyeji hajaonja. Iwe maji, iwe maziwa, iwe pombe ya sherehe, aliyekileta anakunywa kwanza mbele ya macho yenu, tunasema anatoa sumu. Akishaonja, mjadala umekwisha, na ukiendelea kusita umemtukana mtu nyumbani kwake. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Mwalimu akaomba kata ya kuchotea maji. Akashuka korongoni mwenyewe, na koti lake, akaenda kisima cha juu kabisa, kile kilicho karibu na mabwawa, akachota, akapanda. Akainua kata, akanywa, akafuta mdomo kwa kitambaa. "Mimi ndiye niliyewakaribisha hawa," akasema. "Mimi ndiye mwenyeji. Nimeonja."

Basi. Mkutano ukaisha. Wazee wakasimama, wakakung'uta makalio, wakaenda. Hakuna aliyedai kipimo tena, si siku ile, si baadaye. Nami nilikaa pale kwenye gogo kichwa kikiniuma, kwa sababu kuna kitu hakikukaa sawa na sikukipata mara moja. Nilikipata nikiwa ndani ya basi, tumeshaipita njia panda. Mwenyeji akionja, anathibitisha kwamba yeye hajatia kitu. Hasemi lolote juu ya kilichotiwa na mtu mwingine! Mila ile ni ya kumkinga mgeni dhidi ya mwenyeji. Hapa mgeni, yaani kiwanda, ndiye aliyekaa juu ya kisima, na sisi tumemwonjesha mwenyeji. Nilitaka kumwambia dereva ageuze.

Tangu siku ile Mwalimu hakuwa na namna. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kila asubuhi alishuka korongoni, akaonja, watu wakimwona. Wageni wa kiwanda walipokuja, na walikuja wengi, wenye kamera na wenye suti, aliitwa aonje. Meneja alimwekea mkono begani, "Huyu ndiye maabara yetu," na wote wakacheka. Naye alicheka. Aliporudi nyumbani, mkewe alinieleza, alikaa kwenye kitanda na kushikilia tumbo, akamkataza asimwambie mtu.

Mara moja alikuja kwangu Majengo, kibandani, mchana kweupe wateja wamejaa. Alikuwa amepungua, koti linamning'inia. Mikono kaitia mifukoni, hakuitoa hata kusalimu. Mimi sina subira, wanaonijua wanajua. Nikawaachia wateja mizani yao, nikamvuta nyuma ya magunia.

"Mwalimu, shikamoo. Nionyeshe mikono."

"Marahaba. Mikono yangu ina nini?"

"Nionyeshe."

Hakunionyesha. Akasema kila nchi iliyoendelea ilianza kwa kunuka, kwamba kule tunakokusifia mito yao iliwahi kuwa kama uji, na leo wanavua samaki. "Tunapita kwenye harufu tu, binti yangu. Tunapita."

"Na waliokunywa ule uji? Nani aliwauliza?"

"Wakifunga leo, vijana wako wanarudi kwenye mkaa. Nani atakubali kuolewa nao? Nani atarudi tena kuweka kiwanda Ugogoni akisikia tulifunga cha kwanza? Watasema, si tulisema hao hawawezi?" Sauti ilimkatika kwenye neno hilo, hawawezi. "Nimefundisha maisha yangu yote kwamba tunaweza."

"Waambie wapime tu, Mwalimu. Kupima si kufunga."

Alinitazama kwa huruma, kama zamani ulipokosa swali rahisi. "Nikisema wapime," akasema, "nimesema niliyoyaonja sikuyajua." Akautoa mkono mmoja upesi, akachota karanga kwa ncha za vidole, akazitia mdomoni, akazitafuna upande mmoja tu. Nikaona fizi zake. Nikajifanya nafunga gunia, kwa sababu nilikuwa nalia na wateja wangu hawajazoea.

Nilijaribu njia nyingine. Nilijaza chupa maji ya korongo, nikaenda nayo ofisi hii na ile hapa mjini. Kijana mmoja mpole akaniambia sampuli lazima iombwe na kijiji chenyewe, na kijiji kilishasema hakina tatizo. Alisema kwa adabu kabisa. Niliitazama ile chupa kwenye meza yake, imetulia, safi kama ya dukani.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua uwele, na safari hii nilimchukua binti yangu, wa miaka mitatu, kwa kuwa dada wa kazi alikuwa amekwenda kwao. Nilibeba maji yetu wenyewe kutoka Dodoma, lakini jua la kule hamlijui, na mtoto ni mtoto. Tulipofika kwa Mwalimu chupa ilikuwa tupu. Kijiji kilikuwa kimya kuliko nilivyokizoea. Mbuzi wengi walikuwa wametupa mimba, mkewe alinieleza tukiwa bado mlangoni, na kwenye nyumba mbili za karibu kulikuwa na watoto wanaoharisha bila kupona. Moshi wa kiwanda ulipanda wima, hakuna upepo.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti uani. Safari hii mikono ilikuwa nje, mapajani, labda hakuwa tena na nguvu ya kuificha. Ngozi ya viganja ilikuwa imechanika na kukauka, kucha zina rangi ya majivu. Binti yangu akamsogelea, akainamisha kichwa vizuri, "Shikamoo babu." Akamwambia marahaba mjukuu wangu. Mtoto akasema, "Babu, naomba maji."

Nikafungua mdomo. Mama Mwalimu alishatoka jikoni na kata imejaa, maana mgeni hamalizi kusema kiu kwa kina Mgogo. Akampa mumewe kwanza, kama inavyotakiwa. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaonja. Mtoto akanyoosha mkono. Mwalimu hakuishusha kata. Akanywa tena. Akanywa na kunywa, koo likipanda na kushuka, maji mengine yakimwagika kwenye tai, mpaka akainua kichwa nyuma na kuimaliza yote. Kisha akaigeuza juu chini, mbele ya macho ya mtoto.

"Yameisha," akasema.

"Baba nanii, si mtungi umejaa?" mkewe akashangaa. "Au nimpe maziwa?"

"Maziwa hapana!" Akasema kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, hata enzi za matofali. Halafu taratibu, bila kunitazama, "Binti yangu, ondokeni mapema. Barabarani kuna duka la soda."

Nikapiga magoti mbele yake. Mimi, na umri wangu. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilitaka kumpiga. "Mwalimu, unajua. Umejua siku zote. Twende sasa hivi kwa mwenyekiti, useme neno moja tu, mimi nitasema yaliyobaki."

Akanishika bega. Alikuwa anahema. "Awamu ya pili wanaanza mwakani," akasema. "Mashine za kushonea zimeshafika bandarini. Meneja kanionyesha picha."

Hapo ndipo alipopita mama mmoja njiani, anatoka korongoni, ndoo kichwani, binti yake mdogo kashika kanga yake. Binti yule alikuwa wa umri wa huyu wangu, labda mkubwa kidogo. Yule mama akasimama nje ya ua, akasalimu. "Mwalimu, ya leo yana povu. Na huyu analia kiu tangu kisimani. Nimpe?"

Mwalimu akainuka. Sikudhani angeweza kuinuka. Akafunga kifungo cha koti, akatembea na katambuga zake mpaka mlango wa ua, akainua mkono, akatumbukiza vidole kwenye ndoo, akaviweka mdomoni.

"Mpe, mama. Hayana neno."

"Usimpe!" Nilipiga kelele mpaka mwanangu akaanza kulia. "Mama, nakuapia, usimpe hayo maji!"

Yule mama alinitazama, viatu vyangu, mkoba wangu, mtoto wangu mwenye chupa ya mjini iliyo tupu. Akamtazama Mwalimu, aliyemfundisha yeye na mumewe kusoma. Akatua ndoo chini, akaweka kiganja chake kama kikombe, akachota, akamwinamia mwanawe. Mtoto akanywa, akaomba tena.